Zawadi Isiyo na Masharti

Heledd, mshauri wa kodi, aliwaeleza mpango mzima kabla chai haijapoa. Nyumba ndogo ya mawe juu ya bahari, ambayo Eluned aliirithi kwa shangazi yake mwaka 1985, ilikuwa imepanda thamani kupita kiasi. Akiiuza, atatozwa kodi ya faida hiyo. Lakini akimpa mumewe, sheria haihesabu faida yoyote kati ya mke na mume. Mume akifariki na kumrudishia mkewe kwa wosia, thamani inaanza kuhesabiwa upya siku ya kifo, na faida yote ya nyuma inafutika.

"Kwa hiyo ninachotakiwa ni kufa tu," alisema Meirion.

"Samahani sana, Bwana Meirion, sikukusudia..."

"Usiombe radhi, binti. Daktari aliniambia hivyohivyo, na hakunipa hata sababu. Wewe umenipa."

Mapafu yake yalikuwa yamechoka, na daktari hakumpa zaidi ya mwaka. Shamba la kondoo walilokaa lilikuwa la kupanga, kwa jina lake. Akifa, mwenye shamba atalichukua, na Eluned atahitaji pa kulala. Nyumba ya shangazi haikumfaa: ilikaa juu ya ngazi ambazo goti lake lilikwisha kuzikataa. Alitaka nyumba ya chini mjini, karibu na duka la dawa, na bei yake ilikula fedha zote za nyumba ya bahari. Kodi ikikatwa, hazitoshi.

"Nahitaji kitu kimoja tu," alisema Heledd. "Cheti chenu cha ndoa."

Eluned alimtazama Meirion. Meirion akamtazama mbwa wao.

Hawakuwa nacho, kwa kuwa hawakuwahi kuoana. Mwaka 1983 baba yake Eluned, mtu wa kanisa dogo la kijijini, aliapa hatakanyaga kanisa la kina Meirion, na mama yake Meirion akaapa vivyo hivyo upande wake. Ikaamuliwa wawili hao waende peke yao kwa msajili mjini, waokote mashahidi barabarani, kisha warudi kwenye karamu. Gari la kuazima lilikufa mlimani. Walipofika, ofisi ilikuwa imefungwa. Waliporudi, walikuta meza zimeandaliwa, paja la nguruwe limekatwa, zawadi zimepangwa, na wazee wao wamekaa chumba kimoja kwa mara ya kwanza wakipeana haradali. Nani angesema? Walisema wataenda wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika, kondoo walianza kuzaa.

Heledd aliweka kalamu chini. "Basi mnaoana. Na baada ya ndoa unaandika wosia mpya, Bwana Meirion, kwa sababu ndoa inafuta ule wa zamani. Nawe, Bi. Eluned, nisikilize: zawadi lazima iwe zawadi. Hakuna masharti, hakuna ahadi ya pembeni. Ikishakuwa yake, akitaka kumwachia mbwa ni shauri lake."

"Mbwa huyu hajawahi kuwa na nyumba," alisema Meirion.

Kilichomtisha Eluned hakikuwa mbwa. Tangazo la ndoa lingebandikwa kwa msajili siku ishirini na nane, kila mtu asome.

"Mimi ni shemasi, Meirion. Nilimsema mpwa wa Hafwen mbele ya watu kwa kukaa na mwanamume bila ndoa!"

"Ulimsema vizuri sana. Nilijivunia."

"Sicheki."

"Basi tusioane. Nife hawara wako, nawe ulipe kodi."

Heledd alikuwa amewatajia kibali cha haraka, cha mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Asubuhi hiyo Meirion alikuwa juu ya paa la banda na nyundo mkononi. Eluned alisema hatatumia uongo wa pili kuficha wa kwanza. Walitoa tangazo kama watu wengine.

Siku tatu baadaye Hafwen, mwenye duka la kijiji, alikwenda mjini kwa msajili kuandikisha mjukuu aliyezaliwa. Alfajiri ya pili yake alikuwa mlangoni.

"Hodi! Leo nabisha kwa Bi. Nani?"

"Pita, Hafwen. Kaa."

"Sikai. Nimefuata birika langu."

"Birika gani?"

"Usinifanye mtoto, wewe! La fedha, lenye mdomo mrefu. Mshahara wangu wa wiki mbili ule, nikampa bibi harusi. Haya, nionyeshe huyo bibi harusi."

Eluned aliliosha birika, akalikausha, akampa pamoja na kifuniko. Baada ya hapo wakaja wengine. Saa ya ukutani ikaondoka, blanketi la sufu likaondoka, vikombe vikaondoka vile vilivyosalia. Mzee Tegid alidai kondoo dume wake. Aliambiwa aliliwa zamani, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo mezani.

"Wakimaliza watanidai na kidonda cha tumbo," alisema Meirion. "Nacho nilikipata kwenye karamu ile."

Jumapili Eluned alisimama kanisani, akaacha ushemasi, akamwomba radhi mpwa wa Hafwen kwa jina. Alirudi nyumbani akanywa chai kwenye kopo la bati.

Siku ya ndoa gari halikufa. Mlangoni kwa msajili alisimama Hafwen, kofia kichwani, birika mkononi, limefungwa utepe.

"Mimi ndiye shahidi," alisema. "Safari hii nataka kuona kwa macho yangu."

"Ulilichukua kwa nini, basi?" Eluned aliuliza.

"Ningekupaje kitu ambacho tayari unacho?"

Kwenye ukumbi wa kanisa meza zilikuwa zimeandaliwa. Saa ilikuwapo, na blanketi, na vikombe, pungufu vilevile. Tegid alikuwa nje na kondoo dume kwenye kamba, akieleza kila apitaye kwamba huyu si wa kuliwa.

Nyumba ya bahari ikahamia kwa Meirion wiki iliyofuata. Wiki moja baadaye, Eluned alimkuta getini kwake akipaka rangi. Geti hilo la juu ya ngazi lilikuwa la kijivu tangu enzi za shangazi.

"Nyekundu! Meirion, kama gari la zimamoto!"

"Nyumba ya nani?"

"Yako."

"Na masharti?"

"Hakuna."

"Basi nishikie kopo."

Meirion hakuwahi kumwambia Eluned ameandika nini kwenye wosia, naye hakuuliza. Akiulizwa na watu, alisema mbwa amefurahi sana. Alifariki mwezi wa pili. Wosia ulikuwa na mstari mmoja wa maana: nyumba kwa mke wangu Eluned, na mbwa pia, ili asikose pa kukaa.

Mthamini alikuja, akaandika bei, akashauri geti lipakwe rangi tulivu. Mnunuzi alipatikana kwa bei hiyohiyo. Heledd alikokotoa mara mbili: faida hakuna, kodi hakuna. Nyumba ya mjini ikalipiwa yote.

Kufikia wakati huo upepo wa chumvi ulikuwa umelibabua geti. Dalali alisema kijivu kingependeza. Kabla ya kukabidhi funguo Eluned alipanda ngazi zote, akipumzika kila baada ya chache, akalipaka upya rangi nyekundu. Hafwen alishika kopo.