Sabuni ya Karakana

Enzi za Wajerumani, karakana ya reli pale Dodoma ilikuwa na gurudumu la matambara yaliyoshonwa pamoja, likizungushwa kwa mkanda wa mashine ya mvuke. Matonya ndiye aliyeng'arisha taa za shaba hapo. Alichukua kipande kigumu cha mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na unga wa mawe, akakigusisha kwenye gurudumu likizunguka. Kidogo tu! Kikizidi, shaba hutoka na madoa meusi. Mafuta yakishayeyuka na kushika matambara, ndipo alipoegemeza taa.

Wafanyakazi walikiita kipande kile sabuni. Neno lenyewe linanikera mpaka leo, maana ndilo lililoleta yote haya.

Matonya alipenda sifa. Kila alipokwenda kwao Nzuguni alimsimulia mama yake juu ya sabuni ya Wajerumani, inayong'arisha shaba hata ukajiona meno. Kwamba ina mawe ndani hakusema. Mwenye kujisifu hutaja yanayopendeza.

Basi dada yake, Anyesi, akaposwa. Mama akavua bangili yake ya shaba ili aje amvishe binti siku ya harusi. Kwao, mtoto akizaliwa, baba yake huikata bangili ya mama alama moja kwa kisu. Jioni mama alizipitia alama zile kwa kidole gumba, akitaja majina ya wanawe. Mmoja alikuwa Chilewa, aliyezaliwa na kufa njiani mwaka wa njaa, akazikwa porini, mahali wasipopajua tena. Alama yake ilikuwa nyembamba, kwa kuwa baba hakuwa na nguvu ya kukandamiza kisu.

"Ioshe kwa ile sabuni yako," mama alisema. "Imeshika masizi."

"Hutaitambua, mama!"

Masikini, siku hiyo alifanya kazi kwa moyo wote. Alilipaka gurudumu sabuni, akaegemeza bangili, akapaka tena, akaegemeza tena. Alama aliziona, ila alitaka watu wamkodolee macho dada yake.

Alipoirudisha, mama alicheka kwa furaha mlangoni pa tembe. Kisha kidole gumba kikaanza safari yake. Alitaja jina, akataja la pili, akasita, akarudi nyuma.

"Chilewa yuko wapi?"

Alama za kina zilikuwepo. Ile nyembamba ilikuwa imekwenda na masizi.

"Nisamehe, mama. Nitakata nyingine."

"Ile aliikata baba yako, mikono ikimtetemeka kwa njaa. Yako itakuwa ya nani?"

"Kazini tunaiita sabuni tu, mama..."

"Sabuni huondoa uchafu. Mwanangu alikuwa uchafu?"



Siku ya harusi wageni waliisifu bangili mpaka wakachoka, wakauliza ni nani aliyeing'arisha hivyo. Mpenda sifa alikuwa nyuma ya zizi, peke yake, akilia.