Wallahi Si Mke Wangu

Gedi hakuwa mume wa kupiga. Nasema hivyo kwanza kwa sababu watu wa Isiolo hawaachi kuuliza: alikuwa anakupiga? La. Alinifunga. Akienda safari na lori la Kaburu, alitia kufuli mlango wa chumba chetu pale Eastleigh, funguo mfukoni, mimi ndani na ndoo na unga. Nikilia anipe talaka, anacheka. "Sirad, mwanamke mzuri haachwi ovyo." Mzuri nini! Hata mbuzi hufunguliwa asubuhi.

Kaburu, tajiri wake, alikuwa Mmeru mwenye Bedford moja na maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kupeleka wazungu kupiga kambi: Nyeri, Nanyuki, Meru, kisha kaskazini mpaka Marsabit. Sharti lake lilikuwa moja, hataki bibi ya dereva kwenye lori lake, maana dereva wa kwanza aligombana na mkewe mbele ya wageni mpaka sufuria zikaruka. Basi mwaka wa sabini na nane mpishi akatoroka siku ya kuondoka, na Gedi akamwambia Kaburu anamjua msichana wa kabila lake anayepika vizuri. Msichana mwenyewe ndiye mimi.

"Ukifungua mdomo kwamba wewe ni mke wangu," akaniambia, "nakurudisha kwenye kufuli, na hiyo funguo naitupa chooni."

Nilikubali upesi. Lori lilikuwa linapita Isiolo, na mama yangu yuko Chechelesi, mtaa wa pale pale Isiolo, na sikuwa nimemwona tangu harusi.

Safari tamu hiyo, wacha tu! Wazungu walikaa kwenye viti, madirisha wazi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa chini ya turubai, kati ya masufuria na mahema yaliyolowa. Kaburu aliwahadithia habari za kila mji, nani kazikwa hapa, nani alipigana pale, nami nasikia sauti tu. Mlima Kenya niliuona kwenye tundu la turubai, kipande cha theluji ukubwa wa chapati, kisha lori likakata kona na mlima ukaondoka. Kambini nililala kwenye hema la vyombo, na zipu yake Gedi aliifunga kwa waya kutoka nje. Nikamwambia nataka kwenda haja. Akasema ningoje asubuhi.

Tulipoteremka kutoka milimani joto la kwetu likanipiga usoni, moyo ukaruka. Nikamsikia Kaburu akiwaambia wageni kwamba mji huu wa Isiolo ulikaliwa na askari Wasomali waliompigania Mwingereza. Ebo, huyo si babu yangu anasemwa? Nikapiga ubao wa lori kwa ngumi, simamisheni, simamisheni! Hawakusimama. Likapita mji mzima likaenda mpaka beria ya polisi upande wa Ngaremara, mahali magari yanasubiri msafara wa ulinzi wa kwenda kaskazini.

Pale nikaruka chini. Gedi akanidaka mkono. Lakini nilikuwa nimeshamwona ndugu ya mama, abti Elmi, ameegemea lori lake la mizigo ya Merti, anasugua meno kwa mswaki wa mti. Nikavuta mkono, Gedi naye akavuta.

"Wewe dereva," askari akasema, "mbona unavuta mama wa watu? Huyu ni bibi yako?"

Kaburu akageuka kutazama. Gedi akauachia mkono wangu haraka.

"Wallahi si mke wangu," akasema.

"Abti!" nikapiga kelele. "Umesikia? Ameniacha! Ameapa kwa Mungu!"

"Nimesikia, abti," mjomba akajibu, maana kwetu mjomba na mtoto wa dada yake huitana kwa neno hilo hilo. Akatema mate. "Na beria nzima imesikia."

Msafara ulikuwa bado, kwa hiyo abti Elmi akatukokota sote mpaka kwa Sheikh Dualeh. Kaburu akatufuata akinung'unika kwamba wageni wake wanaungua jua. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho, akakuna ndevu.

"Neno hilo peke yake si talaka," akasema. "Linafuata nia. Gedi, ulidanganya kwa kuogopa, au ulikusudia kumwacha?"

"Kumwacha?" Kaburu akashtuka. "Kumbe ni bibi yako?" Akanyoosha mkono. "Leta funguo ya lori."

Sijawahi kuogopa namna ile. Akisema alidanganya, mimi ni mkewe, narudi kwenye kile chumba, tena yeye hana kazi ya kumtoa nyumbani. Gedi aliutazama mkono wa Kaburu. Akanitazama mimi. Akatazama funguo.

"Nilikusudia," akasema. "Alikuwa mke wangu. Sasa siye."

"Sawa," Kaburu akasema, kwa sababu Marsabit ilikuwa mbali na dereva mwingine hakuna. "Lakini nikikuona naye tena, kazi imeisha."

Nilipiga kigelegele hapo hapo barazani kwa sheikh, bila haya.

"Polepole, binti," sheikh akasema. "Hii ni talaka moja. Mpaka eda yako iishe, ana haki ya kukurejea, utake usitake. Ila wewe Gedi, umemwacha hadharani. Ukimrejea, mrejee hadharani, mbele ya hawa hawa."

Gedi akatabasamu. "Tunapita hapa kila mwezi," akaniambia.

Sasa niambieni, huo ni uhuru? Nilikaa eda kwa mama na kila lori lililobadilisha gia barabarani lilinifanya nisimame nisikilize. Bedford la Kaburu nililijua kwa mlio. Lilipita likienda, likapita likirudi, likaenda tena. Mama ananiambia nisiwaze mabaya, na yeye mwenyewe anachungulia dirishani. Sokoni siendi, kwa jirani siendi. Nilikuwa tena chumbani, safari hii komeo nimelitia mwenyewe.

Zikiwa zimebaki siku chache tu za eda, Bedford likasimama. Nikasikia breki, kisha mlango wa kabini, kisha sauti ya Gedi uani: "Salaam aleikum." Abti Elmi alikuwa kwetu anakunywa chai, akaweka kikombe chini akasimama. Mama akafungua. Gedi alikuwa amenyoa vizuri na amevaa shati jipya. Akanitazama, akavuta pumzi ya kusema. Lilikuwa neno moja tu, nimemrejea, basi.

"Gedi!" Kaburu akaita kutoka barabarani, kichwa nje ya dirisha la lori. "Unatafuta nini hapo? Huyo ni nani wako?"

"Sema," abti Elmi akamwambia. "Tuko hapa, tunasikiliza."

Gedi alitazama lori, akatazama miguu yake.

"Si mtu, bosi," akasema. "Naomba maji tu."

Mama akamletea maji, kwa sababu mgeni hanyimwi maji. Akayanywa yote amesimama, akarudisha kikombe bila kuniangalia, akaenda, asirudi tena mpaka eda ikaisha. Nikakaa chini pale mlangoni nikalia kwa sauti, mpaka abti akadhani nimejuta. Sijuti! Nililia kwa hasira, kwamba mtu niliyemwogopa miaka yote ile ni huyu.