Kura Mia Sita za Lomenen

Kaka yangu Hilaire hakuwahi kuwa na ng'ombe hata mmoja. Alizaliwa Bukavu, Kongo, kazi yake kushona nguo, na maziwa yalimvuruga tumbo. Lakini ule wimbo wa ng'ombe unaopigwa harusini Turkana nzima, kuanzia Kalemng'orok mpaka Nadapal, aliutunga yeye, hapa kambini Kakuma, kwenye cherehani hii hii ninayoshonea mimi sasa.

Aliyeuimba ni Lokuruka wa Lodwar. Huyo ni mtu wa muziki wa kantri haswa: kofia ya kauboi, buti, gitaa, na jua lote lile la Lodwar! Alikuja kwetu kushonewa shati. Akipimwa mabega akaanza kulilia dume lake lenye mabaka meupe, limekufa kwa ukame. Kwao Waturkana, mwanamume ana dume lake, anaitwa kwa jina la dume hilo, analiimbia. Hilaire akauliza maswali ya shati na maswali ya ng'ombe kwa pamoja. Wiki ile shati likawa tayari na wimbo pia. Miezi minane baadaye malaria ikamchukua kaka yangu, wimbo wenyewe haujafika hata redioni.

Mwaka huu ndio ukateuliwa kuwania tuzo kubwa Nairobi, wimbo bora wa kantri. Fomu ilitaka namba ya kitambulisho cha mtunzi. Mkimbizi, tena marehemu, ataitoa wapi? Lokuruka akajiandika yeye. Nilimpigia simu nikamtukana vizuri sana.

"Dada Pascaline, nisikilize," akasema. "Nikishinda nitapanda jukwaani, na jina la kwanza kulitaja litakuwa Hilaire. Redio zote zitalirusha. Naapa kwa dume langu."

"Dume lako limekufa!"

"Ndiyo maana siwezi kulidanganya."

Basi nikakubali. Nilichotaka mimi ni hicho tu: jina la kaka yangu lisikike nchi nzima, mara moja, halafu nirudi kwenye cherehani yangu.

Kura zilipigwa kwa ujumbe wa simu, bure, laini moja kura moja. Wee! Nilizunguka kambi yote kwa miguu, na ile ya Kalobeyei kwa bodaboda. Kanisani mchungaji alisimamisha kwaya, watu wote wakatoa simu, wakapiga kura, ndipo ibada ikaendelea. Jirani yangu Nyaruach, wa Sudan Kusini, alipiga kwa laini zake tatu, kisha akaniuliza huyo Lokuruka anagombea kiti gani.

Matokeo yalisomwa Ijumaa mchana. Nilikuwa nakata kitenge, redio ya jirani iko juu. Mtangazaji akasema Lokuruka ndiye aliyepata kura nyingi kuliko wote. Nikapiga vigelegele. Kumbe hajamaliza. Kura mia sita na kumi na mbili zimefutwa, akasema, kwa sababu zote zimepigwa na mtu mmoja, anaitwa Lomenen, wa Kakuma. Tuzo imekwenda kwa mwingine.

Lomenen! Mturkana mwenye mwavuli pale sokoni, muuza laini. Tulipofika kambini, dukani walizikataa karatasi zetu za ukimbizi, naye kwa huruma zake akatusajilia kwa kitambulisho chake. Kambi nzima inaongea kwa jina la Lomenen. Mchungaji ni Lomenen. Mimi ni Lomenen. Sote tulijua, na hakuna aliyekumbuka, mjinga wa kwanza mimi.

Nilitoka mbio, mkasi bado mkononi, kitenge cha mteja begani. Nilimkuta chini ya mwavuli, simu sikioni, jasho linamtiririka. Redio ilikuwa imempigia, na sauti yake ilikuwa ikitoka kwenye kila kibanda sokoni.

"Bwana Lomenen, ulipiga kura mia sita peke yako?"

"Si mimi! Laini ni zangu, lakini si zangu."

"Ni za nani, sasa?"

Akageuka, akaniona nakuja na mkasi. Woga mbaya jamani.

"Za Hilaire!" akapiga kelele. "Mkongomani! Muulizeni yeye. Ila amekufa."

Mtangazaji akacheka mpaka akakohoa. "Wasikilizaji, marehemu Hilaire wa Kakuma, narudia, Hilaire, amepiga kura mia sita kutoka kaburini! Haya Hilaire, wimbo ulioupenda kiasi hicho huu hapa."

Gitaa likaanza. Nyaruach, kwenye kibanda chake, akapiga makofi akidhani tumeshinda. Mimi nilisimama na mkasi wangu juu, nikashindwa nimchome nani. Machozi yalinitoka, na kicheko pia, na nilikuwa na hasira ya kumeza mtu. Mwizi wa kura! Kaka yangu, ambaye hakuiba hata kipande cha uzi cha mteja.

Lomenen akaishusha simu. "Mama, nisamehe. Niliogopa. Wakipiga tena nitawaambia ukweli, nitawaambia hakuna Hilaire."

"Thubutu!" nikamwambia. Nikakalia stuli yake mpaka wimbo ukaisha, kila mstari, sehemu ya mabaka meupe na yote. Kisha nikajifuta uso kwa kitenge cha watu.

"Wakipiga tena," nikasema, "waambie anaitwa Hilaire Murhula. Jina walitaje lote."