Mbaya wa Bibi

Mimi Nedyalka sijawahi kumsifu mtoto nikaacha hivihivi. Kwetu mtoto akipendeza unatema mate mara tatu, tu, tu, tu, unamwambia "mbaya wewe!" ili kijicho kimpite. Binti yangu Ralitsa nilimlea hivyo na hakufa. Basi mjukuu wangu Rumena, wa miaka minne, alikuwa Mbaya wa Bibi tangu nepi.

Rumena hatulii. Kule chekechea aliwauma wenzake, akatoroka getini mara mbili, na mchana wenzake wakilazwa yeye anaruka kitanda hadi kitanda. Mwalimu mkuu akatuita. "Nampa mpaka Pasaka. Asipobadilika, mtafuteni pengine."

Pengine wapi? Mji wetu una chekechea moja, na Ralitsa anaingia kiwandani kushona saa moja asubuhi.

"Ameshtuka huyu," nikasema. "Tumpeleke kwa mganga, amyeyushie madini ya risasi na kuyamwaga kwenye maji, mshtuko umtoke."

"Mama, tumeshampeleka mara tatu! Sasa zamu ya daktari."

Daktari akasema akili ya Rumena haina kasoro, ila breki zake zinachelewa kushika. Kwa umri ule hawaanzi na vidonge, wanaanza na watu wazima wa nyumbani. Lo! Mimi, na mvi zangu hizi, nifundishwe kulea?

Nilifundishwa. Kila Jumanne, na Evelina, mshauri wa malezi pale kwa daktari, kasichana ka juzi tu. Mwite jina, mtazame usoni, mwagize jambo moja. Akilifanya, msifu papo hapo na utaje alichofanya. "Ukichelewa, Bibi Nedyalka, kwake limeshapita."

Nyumbani nikajaribu. "Rumena. Vua viatu." Akavua. "Umevua viatu, hongera! Tu, tu, tu, mbaya wewe!"

Ralitsa akashika kichwa. "Mama! Unampa kwa mkono huu, unamnyang'anya kwa huu!"

"Na kijicho kikimpata, utamtibu wewe?"

Tukabishana hivyo wiki nne. Wiki ya tano, Rumena akipanga vibao sakafuni, Evelina akamuuliza, "Rumena, wewe ni mtoto wa namna gani?"

"Mbaya," akajibu, hata uso hakuinua.

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Na Bibi."

Nilitoka nje nikalia, sioni haya kusema. Mwalimu alisema kwa hasira, mimi kwa mapenzi, lakini mtoto wa miaka minne angejuaje tofauti? Nilikuwa nimemkinga na macho ya watu wote, nikamchoma mwenyewe. Nikapangusa uso, nikarudi ndani. "Evelina, nianzishe upya."

Kila jioni tulicheza mchezo wa kusubiri zamu, dakika mbili, kisha tatu, kisha tano. Akisubiri namsifu. Mate yakinijia, nayameza. Mwezi ule nilimeza mate ya kujaza ndoo, na hofu juu yake.

Hakugeuka malaika. Aliuma tena mara moja, akamwaga supu, akapanda kabati. Lakini getini hakukimbia tena.

Alhamisi kabla ya Pasaka, uani mwa chekechea, watoto waligonganisha mayai ya kuchemsha yaliyotiwa rangi, kama desturi yetu, kuona la nani litabaki zima, kila mmoja kwa zamu yake, wazazi wakitazama. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, mikono kifuani. Rumena alikuwa wa sita, yai jekundu mkononi, mguu ukipiga chini. Wa tatu akagonga. Rumena akainua mkono. Akautazama mkono wake, akaushusha. Wa nne. Wa tano.

Sikungoja. Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi. "Rumena! Umesubiri zamu yako! Nimekuona. Mtoto mzuri wewe!"

Wanawake wakanigeukia. Stanka, ambaye jicho lake mtaa mzima tunaliogopa, akasema, "Nedyalka, hutemi?"

"Sitemi! Mtazame utakavyo, Stanka. Mtazame ushibe!"

Mate yalinijia, nikayameza. Rumena akagonga yai lake. Likavunjika, na hakulia.

Mwalimu mkuu akaja kwa Ralitsa. "Abaki. Na huyo Evelina wenu, mniletee namba yake. Ninao wengine wawili."

Tukiwa njiani Rumena akanivuta mkono. "Bibi, mbona leo hukusema tu, tu, tu?"

"Nimeacha."

Akatembea hatua kumi nzima bila kuruka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha akasema, "Bibi, sema tena vile."

Nikasema tena, "Mtoto mzuri wewe!" kwa sauti, barabara nzima isikie.