Alama ya Ukingoni

"Igeuze," alisema Yaarub, na Ishaq akaligeuza ganda la risasi kiganjani, akalisogeza mlangoni penye mwanga.

Lilikuwa dogo, la ile bunduki nyepesi ya Kimarekani ambayo kila mwenye nafasi Unguja aliwahi kuitamani. Risasi zake hugongwa ukingoni, si katikati kama za bunduki kubwa, na pini inayogonga, ya kila aina, huacha alama yake. Tangu mapinduzi yamtoe Unguja, Ishaq alikuwa akila kwa kazi ya kutengeneza bunduki hapa sokoni Matrah, jirani na Maskati, na akiulizwa habari za bunduki hakujua kunyamaza.

"Za mwanzo zina mtutu wa pembe nane na pini ya duara," alieleza, uso umemkunjuka. "Huacha kishimo mfano wa punje ya mtama. Za baadaye mtutu mviringo, pini bapa. Hizo huacha mstari ulionyooka, sawasawa. Hata ukinifumba macho ntakwambia kwa kupapasa."

Yaarub alisikiliza kwa adabu. Naye alizaliwa Unguja, akimjua Ishaq na dada yake tangu huko, ndiyo maana liwali akamtuma yeye. Askari wa lango la mji alikuwa amepigwa risasi jana magharibi, ganda hili likaokotwa hapo hapo, na asubuhi hii walikuwa wamemzika.

"Basi hii ya aina gani, fundi?"

Ishaq akavaa miwani. Aliuona mstari, lakini haukunyooka. Ulilala upande, na mwisho wake umegawanyika pande mbili. Aliijua alama hii. Mwaka uliopita pini ya bunduki ya Aflah, mume wa dada yake Mahbuba, ilivunjika, na vipuri Maskati havipatikani. Ishaq akachonga nyingine kutoka kwenye sindano ya kushonea magunia. Tupa ikamteleza, akasema yatosha, akaifunga hivyo hivyo.

Na bunduki yenyewe ilikuwa chini ya meza hii hii, imeviringishwa kanga kuukuu ya Mahbuba. Aflah aliileta alfajiri isafishwe, akasema kapigia kunguru. Hata kahawa hakukaa kunywa.

"Bapa hii," alisema Ishaq. "Ila pini imechakaa."

"Bapa umesema hunyooka." Sauti ya Yaarub haikuwa na ukali wowote. "Mimi nnaona hii imechongwa kwa mkono. Hapa Matrah nani anachonga pini?"

"Kila mtu ana tupa yake, sheikh."

Alijilaani kimoyomoyo. Ni yeye aliyemfundisha mtu huyu kuisoma alama. Akisema kweli, Mahbuba atakuwa mjane; akinyamaza, aliyeichonga pini ndiye atakayechukuliwa. Akainua birika la kahawa, mikono ipate cha kufanya.

Watu wa huku, mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe anapokirudisha. Asipokitikisa, hutiliwa tena, na mwenyeji hana ruhusa ya kumuuliza kama ametosheka. Yaarub alikunywa, akakirudisha bila kukitikisa. Ishaq akatia. Yaarub akanywa tena, macho yake yakashuka taratibu mpaka chini ya meza, kwenye ncha ya kanga, yakatua hapo.

"Mahbuba hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Nna wasaa leo," alisema Yaarub. "Sina haraka."

Birika lilikuwa limeshakuwa jepesi. Yaarub akaunyoosha mkono wenye kikombe, nacho kilitulia, hakikutikisika hata kidogo.