Dau la Mjomba Bakili

Bakili hakuwa mwoga, na anayesema alikuwa mwoga aje aniambie mimi. Alikuwa mtu wa kulinda. Kwa Wayao mjomba ndiye mwenye mbumba: dada zake na watoto wao wako chini ya mkono wake, na likiwapata baya ataulizwa yeye, si baba yao. Dada yake alikuwa amefariki, akamwachia mabinti wawili, Mwanne na Tabu. Basi wenzake wa Namtumbo walipokwenda kunywa maji ya dawa ili wapigane na Wajerumani, Bakili alibaki nyumbani na mabinti. Askari walipokuja kulipiza kisasi watu wakakimbilia porini. Yeye akabaki tena, analinda ghala la mahindi. Askari wakalichoma ghala, wakamchukua Mwanne.

Baadaye akapata habari kwamba Mwanne yuko Songea, mateka wa ombasha, mkuu mdogo wa askari wa Wajerumani, mtu wa pwani aitwaye Kassimu, anampikia na kumfanyia mengine ambayo sitayasema. Bakili akafunga safari na mbuzi wake wa mwisho na mzigo wa tumbaku, aende kumkomboa. Tabu akamchukua pia, kwa kuwa aliogopa kumwacha peke yake katika kijiji kilichoungua. Hapo alikosea, na kosa lile linaniuma mpaka leo. Unamlindaje binti kwa kumpeleka kwenye kambi ya askari? Lakini ndivyo alivyokuwa. Kitu asichokiona kwa macho yake hakuamini kwamba kiko salama.

Kassimu aliipokea tumbaku, akamtazama mbuzi, akasema mbuzi angeweza kumchukua bila kuulizwa na mtu. Kisha akamwona Tabu. Ombasha yule alipenda bao kupita kiasi, na tangu afike Songea hakuna aliyekuwa amemfunga. Akasema wacheze bao moja tu. Bakili akishinda, aondoke na Mwanne. Akishindwa, amwache Tabu pale. Bakili akaomba ajiweke yeye mwenyewe, abebe mizigo mpaka Kilwa, na ombasha akacheka, akamwuliza mgongo ule utabeba nini.

Bakili akakubali. Tabu alikuwa amesimama pale pale, lakini hakumwuliza.

Wakakaa barazani, askari wamewazunguka. Katika bao kila mchezaji ana shimo lake kubwa, ndilo nyumba, limejaa kete. Mkono wako ukiishia humo, hiari ni yako: ulale, kete zako zibaki salama, au uisafirishe nyumba, yaani uzichote zote uzitembeze shimo kwa shimo, ule za mwenzako au ujimalize. Kassimu alikuwa mchezaji wa kushambulia. Alikula huku anaongea, anamtania mzee kwamba hata kwenye bao amejifungia ndani. Kila mkono wa Bakili ulipofika kwenye nyumba alilala, na mashimo yake mengine yakaendelea kukauka. Mbuzi alianza kulia kwa kiu, hakuna aliyemjali.

Tabu alisimama nyuma ya mjomba wake. Hakujua bao, ila aliziona nyuso za askari, na zilimwambia kwamba mjomba anaelemewa.

Lakini Bakili alikuwa anaona jambo. Kwa tamaa ya kumaliza, Kassimu alikuwa amezisogeza kete zake zote mbele, na nyuma hakubakiza akiba. Mkono wa Bakili ukafika tena kwenye nyumba. Askari wote walijua atalala. Jasho likamtoka kwenye masharubu, vidole vimegusa kete. Alikuwa amelinda ghala, na ghala likaungua. Akazichota zote.

Akazitembeza polepole, kama anayepanda mbegu. Akala, akaendelea, akala tena, akaendelea, mpaka safu ya mbele ya Kassimu ikabaki tupu. Asiye na kete mbele ameshindwa. Ombasha alilitazama bao, akawatazama askari wenzake waliokuwa mashahidi, kisha kwa hasira akaamuru Mwanne aletwe. Mbuzi alibaki kwa Kassimu.

Mwanne alitoka amekonda, kovu la moto mkononi. Alipomwona mjomba wake akapiga magoti, machozi yanamtoka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Akamwuliza amemkomboa kwa kitu gani, maana alijua kwamba nyumbani hakukubaki kitu. Tabu akamwahi mjomba kujibu.

"Kwa mimi. Aliniweka mimi kwenye bao."

Mwanne akabaki amepiga magoti, anamtazama mjomba akingoja akanushe. Bakili akasema tu kwamba ameshinda, kwamba wote wawili sasa wako naye. Alisema kweli, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Mwanne akainuka, akajifuta vumbi, akamshika Tabu mkono.

Desturi ya njiani ilikuwa mwanamume atangulie na panga, wanawake wafuate. Siku ile mabinti walitangulia, mkono kwa mkono, wakiishika njia ya Namtumbo. Bakili akaita kwamba porini si salama, wangoje apite mbele.

"Wewe fuata tu, mjomba," Mwanne alisema, bila kugeuka.

Akafuata, panga mkononi, na hakuita tena.