Printa Isiyosikia

Agosti 1997, Nekoye alikuwa akichapa kazi za watu nyumbani kwake Migosi, Kisumu. Kompyuta yake ilikuwa chumbani. Ya mumewe Waliaula, mwalimu wa hesabu, ilikuwa sebuleni pamoja na printa. Fundi alikuwa ameziunganisha kwa waya mweusi, ili Nekoye achapishe bila kubeba disketi.

Ijumaa hiyo mke na mume walikuwa hawasemezani. Nekoye alikuwa amekubali kazi ya ukarani Kakamega, na Waliaula akaipata habari kwa jirani.

Saa nne Mama Anyango alifika kutoka Dunga. Kikundi chake cha wauza omena, wale dagaa wa ziwani, kilitaka kusajiliwa, na katiba ilitakiwa ofisini kabla ya saa sita.

"Kaa, Mama, ni dakika mbili tu," Nekoye alisema. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akaamuru kuchapisha. Kompyuta ikajibu kwamba haioni printa.

Akatoka. Printa ilikuwa inawaka taa yake kama kawaida.

"Umegusa nini?" alimuuliza mumewe.

"Mimi? Nimekaa hapa na gazeti."

Waliaula akaenda chumbani kujionea, akauacha mlango wazi. Akatafuta printa kwenye kompyuta, akaiona. "Iko hapa! Ulibonyeza nini?"

Nekoye akarudi, akajifungia, akajaribu tena. Printa haipo. Akazima kompyuta, akawasha. Bado. Akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Bado. Je, ni kweli mumewe alikuwa akizima kitu kila yeye akiondoka sebuleni? Sebuleni, Waliaula naye alijiuliza kama mkewe anamchezea.

"Saa tano na nusu, mwanangu," Mama Anyango alisema polepole.

"Baba Simiyu!" Nekoye alimwita mumewe. "Unaiona kompyuta yangu kwenye yako?"

"Sikusikii!"

Akafungua mlango. "Nasema, unaiona?"

"Naiona! Imejitokeza sasa hivi, hata sijui imetoka wapi."

"Sijagusa kitu!"

"Basi rudi, usiguse."

Akarudi, akafunga.

"Imepotea!" Waliaula alipiga kelele.

Akafungua.

"Imekuja!"

Walitazamana kwenye kizingiti, kisha wote wawili wakainama. Chini ya mlango, waya ulikuwa umebanwa mpaka ukabaki bapa kama ukanda.

"Siku zote mlango huu huwa wazi," Waliaula alisema.

"Tangu tununiane Jumatatu naufunga, na sijachapisha kitu hadi leo."

Waliaula akauzuia mlango kwa kiti. Kurasa saba zikatoka, na Mama Anyango akazikunja ndani ya leso yake, akaondoka mbio.

Wakabaki wawili. Waliaula aliugusa ule waya kwa kidole.

"Kakamega, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa?" Akauachilia waya. "Sijui, Mama Simiyu. Kweli sijui."

Nekoye akavuta kiti cha pili, akaketi karibu naye. Hakujua aanzie wapi, lakini alianza.